DOKTA LIVINGSTONE: Alifuata mito ya Afrika nzima, damu yake mwenyewe ikamshinda

Leo tuweke pembeni siasa na ligi, tumzungumzie marehemu mmoja ambaye jina lake tunalitaja kila leo bila kumfahamu vizuri. Ukitoka Njombe ukashika barabara ya Ludewa, ukaenda mpaka kule ardhi inakoporomoka kuelekea Ziwa Nyasa, ile milima inaitwa Milima ya Livingstone. Shuleni tumekaririshwa kwamba alikuwa mmisionari, kwamba alipinga biashara ya utumwa, kwamba Stanley alimtafuta mpaka akampata Ujiji. Ukishajibu swali la mtihani, habari imeisha.

Kumbe kuna kipande kikubwa kimeachwa nje ya mtihani. Livingstone alikuwa daktari wa kusomea, tena wa upasuaji, na alikufa huku akivuja damu. Watu waliomfungua tumbo baada ya kufa, Waafrika wenzetu, walikuta bonge la damu iliyoganda lenye ukubwa kama wa kiganja cha mtu mzima. Yaani damu ilijaribu kuganda, lakini ilichelewa.

Sasa kwa nini damu ya mtu inaganda? Kwa nini siku nyingine inawahi na siku nyingine inashindwa? Na kwa nini daktari mzima aliacha ugonjwa wa kuvuja damu umtafune miaka yote hiyo? Twende taratibu, stori ni ndefu kidogo lakini ina faida.

MTOTO WA KIWANDANI

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika kijiji cha Blantyre, Uskochi. Ndiyo, ule mji wa Blantyre wa Malawi umechukua jina la kijiji hicho. Kwao walikuwa maskini kweli kweli, baba, mama na watoto wote wakikaa chumba kimoja katika nyumba za kiwanda cha pamba.

Akiwa na miaka 10 tu akaanza kazi kiwandani. Kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi zinapokatika kwenye mashine, kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 2 usiku. Mshahara wake wa kwanza, sehemu alimpa mama yake na sehemu akanunua kitabu cha Kilatini. Kitabu alikiegesha juu ya mashine, akawa anasoma sentensi moja moja kila anapopita. Akitoka kazini anaingia darasa la usiku. Vijana mnaolalamika kwamba umeme ukikatika hamuwezi kusoma, mmesikia hiyo?

Mwaka 1836 akaanza kusomea udaktari mjini Glasgow kwa pesa alizodunduliza mwenyewe, na Novemba 1840 akapata cheti chake cha uganga na upasuaji. Alitaka kwenda China, lakini huko kulikuwa na vita, vile vilivyoitwa Vita vya Kasumba. Akaelekezwa Afrika ya Kusini, akapanda meli Desemba 1840.

SIMBA WA MABOTSA

Mwaka 1844, mahali panapoitwa Mabotsa, simba walikuwa wanamaliza mifugo ya wanakijiji. Livingstone akatoka nao kwenda kuwinda. Akampiga simba mmoja risasi, na wakati anashindilia risasi nyingine, yule simba akamrukia, akamng'ata mkono wa kushoto karibu na bega na kuvunjavunja mfupa. Aliyemwokoa ni Mwafrika aitwaye Mebalwe, aliyejitokeza na bunduki, na simba akamwacha Livingstone akamgeukia yeye. Muda si mrefu simba akaanguka kwa zile risasi za mwanzo.

Mkono ule uliachwa na alama 11 za meno. Mfupa haukuunga vizuri, na maisha yake yote Livingstone alipata taabu kuinua bunduki kwa mkono huo. Kumbukeni habari ya mfupa huu, tutarudi kwake.

Lakini hebu jiulizeni: mtu ana matundu 11 ya meno ya simba, yuko porini, hakuna chumba cha upasuaji, hakuna chupa ya damu ya kuongezewa. Alipona vipi? Mwilini mwake kulikuwa na jeshi ambalo hata yeye daktari hakuwa analijua.

JESHI LA CHEMBE SAHANI

Damu ukiiangalia kwa macho ni maji mekundu tu. Kwenye darubini unakuta chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu, halafu kuna vipande vidogo sana, bapa kama sahani, vinavyoitwa chembe sahani. Upana wa chembe sahani moja ni kama thuluthi ya chembe nyekundu. Zinatengenezwa ndani ya uboho wa mifupa, na kila moja inaishi siku 7 mpaka 10 hivi. Mtu mzima mwenye afya ana chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000 katika kila tone lenye ujazo wa milimita moja ya mchemraba. Tone hilo ni dogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti!

Kwa kawaida hazina fujo. Ukuta wa ndani wa mshipa wa damu ni laini na unatoa kemikali za kuzituliza, kwa hiyo zinapita tu na safari zao. Shida inaanza mshipa ukipasuka.

Chukulia kijiji. Usiku mwizi kavunja ukuta wa nyumba ya mtu. Wa kwanza kufika anasimama kwenye tundu na kupiga yowe. Majirani wanaamka, nao wanapiga yowe, na baada ya muda mfupi kijiji kizima kiko pale. Chembe sahani zinafanya vivyo hivyo.

Mshipa ukichanika, chini ya ule ukuta laini kuna nyuzi ngumu za protini inayoitwa kolajeni. Damu haitakiwi kuzigusa, na zikionekana ujue kuna tundu. Protini nyingine ndefu, ile ya von Willebrand, inanata kwenye hizo nyuzi kama kamba ya mtego, nayo inazidaka chembe sahani zinazopita kasi. Chembe sahani iliyodakwa inaamka. Inaacha umbo la sahani, inatoa miiba kama nungunungu, na inamwaga kemikali zilizokuwa zimefungiwa ndani yake. Mojawapo inaitwa ADP. Nyingine, iitwayo thromboksani, inatengenezwa hapo hapo. Hilo ndilo yowe lenyewe. Chembe sahani nyingine zikipita zinalisikia, nazo zinaamka, zinamwaga za kwao. Kisha zinashikana mikono, na kamba ya kuziunganisha ni protini ya fibrinojeni. Kufumba na kufumbua tundu limeshakandikwa.

Lakini huo ni udongo tu. Nyumba ya miti na udongo bila fito, mvua ya kwanza inaibomoa. Hapa ndipo chembe sahani iliyoamka inafanya kazi yake ya pili, ambayo wengi hawaijui. Ngozi yake inageuka ndani nje! Mafuta fulani yaliyokuwa upande wa ndani yanatokeza upande wa nje, na juu ya uso huo mpya, kwa msaada wa madini ya kalsiamu, zile protini za kugandisha damu zinapata mahali pa kukaa na kufanya kazi pamoja. Zikiwa zinaelea ovyo kwenye damu zinafanya kazi polepole mno. Zikikaa juu ya chembe sahani iliyoamka, kasi inapanda mara elfu na elfu. Mwisho wa mlolongo huo inazaliwa thrombini, na thrombini inageuza fibrinojeni kuwa nyuzi za fibrini. Hizo ndizo fito. Tena thrombini hiyo hiyo inageuka na kuamsha chembe sahani nyingine zaidi. Mwisho kabisa chembe sahani zinajivuta kwa ndani, bonge linakaza, kingo za jeraha zinasogezwa pamoja.

Kwa hiyo tukisema damu imeganda, tunazungumzia kazi mbili zinazotegemeana, udongo na fito. Udongo ukikosekana, fito hazina mahali pa kusimama. Fito zikikosekana, udongo unasombwa.

Huyo ndiye aliyemponya Livingstone mwaka 1844. Alikuwa kijana wa miaka 30 na ushei, ana damu ya kutosha, na jeshi lake lilikuwa kamili.

SAFARI NA HOMA

Baada ya hapo mzee hakutulia. Mwaka 1845 alimwoa Mary, binti wa mmisionari Robert Moffat. Kati ya 1853 na 1856 alikata bara kutoka Linyanti mpaka Luanda kwenye Bahari ya Atlantiki, akageuza, akatokea Quelimane, Msumbiji, upande wa Bahari ya Hindi. Novemba 1855 aliyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, akayapa jina la malkia wa kwao, utadhani yalikuwa hayana jina. Mwaka 1857 akatoa kitabu kikauzwa kama njugu, akawa maarufu Uingereza nzima.

Wapo watakaosema humu kwamba safari hizi ndizo zilizofungua mlango wa wakoloni. Ni hoja ya kweli, wala siikatai, ila leo tuko kwenye damu.

Katika safari hizo malaria ilimshika zaidi ya mara 20. Alitengeneza vidonge vyake mwenyewe vyenye kwinini na dawa za kuendesha, na vilimsaidia sana. Pamoja na homa kulikuwa na kuhara damu kusikoisha, na bawasiri inayovuja. Leo tunajua malaria inashusha idadi ya chembe sahani. Ukipimwa damu ukiwa na malaria kali, daktari mara nyingi anakuta zimepungua. Wakati ule hakuna aliyekuwa anazihesabu.

Mwaka 1858 akarudi na msafara wa serikali kwenye mto Zambezi, na Septemba 1859 akafika Ziwa Nyasa, ziwa letu hili. Msafara ule uliandamwa na misiba. Mke wake Mary alikufa kwa homa huko Shupanga tarehe 27 Aprili 1862. Mwaka 1864 serikali ikaufunga msafara. Livingstone akaendesha mwenyewe kijimeli chake kutoka Zanzibar mpaka Bombay, zaidi ya siku 40 baharini, na ndani yake walikuwemo vijana wawili ambao majina yao mnatakiwa kuyashika: Susi wa Shupanga, na Chuma, Myao aliyekombolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa mwaka 1861 akiwa mtoto.

AIBU YA DAKTARI

Sasa hapa ndipo penye kiini cha habari. Livingstone alipofika kwao Uingereza mwaka 1864 alikuwa anavuja damu kwa bawasiri. Alishauriwa afanyiwe upasuaji. Alikuwa nyumbani, ana marafiki madaktari wakubwa, na dawa ya usingizi ilikuwa imeshaanza kutumika tangu 1846. Akakataa.

Wanaoandika habari zake wanaeleza kwamba hakutaka magazeti yaanze kujadili ugonjwa wake wa sehemu hizo. Mtu aliyeng'atwa na simba, aliyevuka bara kwa miguu, aliona haya! Daktari ambaye angemgombeza mgonjwa yeyote kwa kuchelewa, alijichelewesha mwenyewe. Akafunga mizigo, akaondoka tena Agosti 1865 na ugonjwa wake.

SAFARI YA MWISHO

Januari 1866 alifika Zanzibar, na Machi akashuka pwani ya Mikindani, huku huku kwetu Mtwara. Akafuata mto Ruvuma, akatokea Ziwa Nyasa na kulizunguka kwa upande wa kusini. Kichiwa hakupita, wala Njombe. Shabaha yake ilikuwa chanzo cha mto Nile.

Januari 1867 wapagazi wawili wakatoroka na mzigo wenye sanduku la dawa. Kwinini yote ikaenda. Mwenyewe aliona kama ameshahukumiwa kifo, na hakukosea sana. Mapema mwaka 1869 kifua kilimbana vibaya, akafikishwa Ujiji mwezi Machi hoi, mtu wa kubebwa. Mwaka 1870, akiwa upande wa Manyema huko Kongo, vidonda vya miguu vilimweka chini karibu siku 80, kila akikanyaga vinatoa usaha wa damu. Julai 1871 akashuhudia mauaji ya raia sokoni Nyangwe yaliyofanywa na watu wa misafara ya utumwa, akarudi Ujiji amevunjika moyo. Hapo ndipo Stanley alipomkuta, na ile salamu yake ambayo kila mtu anaijua.

Stanley alimletea dawa na chakula, akapata nafuu, wakazunguka pamoja kaskazini ya Ziwa Tanganyika, wakaenda mpaka Unyanyembe, karibu na Tabora. Machi 1872 Stanley akaondoka baada ya kushindwa kumshawishi warudi wote Uingereza. Livingstone akasubiri wapagazi wapya, na Agosti 25 akashika tena njia ya kusini.

Mwanzoni mwa 1873 walikuwa kwenye mabwawa ya ziwa Bangweulu, Zambia ya leo, mvua hazikatiki, wanatembea kwenye maji. Kuanzia mwisho wa Machi damu ikaanza kutoka kwa wingi, na Aprili 10 aliandika kwenye daftari lake kwamba amepauka na hana nguvu kwa ajili ya kuvuja huko. Mwanzoni alipanda punda. Aprili 21 akaanguka. Susi, Chuma na wenzao wakamtengenezea machela, wakawa wanambeba. Neno lake la mwisho kwenye daftari ni la Aprili 27.

DAMU HUITA DAMU

Hapa wadau naomba umakini, maana jambo hili linaua watu mpaka leo.

Wengi tunadhani mtu akivuja damu kidogo kidogo kwa muda mrefu, mwili unazoea. Si kweli. Ndani ya mshipa, chembe nyekundu ni nyingi na zinatiririka katikati. Kwa wingi wao zinazisukuma chembe sahani pembeni, karibu na ukuta wa mshipa, ambako ndiko zinakohitajika tundu likitokea. Ni kama barabara kuu ya Makambako: malori yakijaa katikati, bodaboda zinasukumwa pembeni, karibu na maduka. Sasa mtu akipungukiwa damu, malori yanakuwa machache. Bodaboda zinazagaa katikati ya barabara, na dukani kukitokea shida hakuna aliye karibu.

Maana yake ni nini? Mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu anavuja kwa urahisi zaidi na kwa muda mrefu zaidi, hata kama chembe sahani zake hazijapungua. Kuvuja kunaleta upungufu, upungufu unarefusha kuvuja. Ongeza malaria inayopunguza idadi ya chembe sahani. Ongeza lishe duni, kwa sababu protini za kugandisha damu zinatengenezwa na ini, na baadhi yake zinahitaji vitamini K inayopatikana kwenye mboga za majani. Ongeza na mshipa wa ateri, ambao damu yake inaruka kwa kasi kiasi cha kusomba udongo kabla fito hazijapita. Mtu wa namna hii hata jeshi lake liamke lote, linazidiwa.

Aprili 29 walimfikisha kijiji cha Chifu Chitambo, wakamjengea kibanda. Alfajiri ya Mei 1, 1873 kijana Majwara, aliyekuwa akilala karibu naye, aliwaamsha wenzake. Walimkuta Livingstone amepiga magoti kando ya kitanda, uso kwenye mto, ameshakufa. Alikuwa na miaka 60.

MADAKTARI WASIO NA CHETI

Susi na Chuma wakakaa kikao na wenzao. Wangeweza kumzika pale na kurudi makwao, na hakuna ambaye angewalaumu. Wakaamua kumrudisha kwa ndugu zake.

Kazi ya kufungua mwili alipewa Farijala, aliyewahi kuwa mtumishi wa daktari mmoja Zanzibar na kuona maiti ikichunguzwa. Alisaidiwa na Carus Farrar. Walitoa moyo na viungo vya ndani, na ndipo walipoliona lile bonge la damu upande wa kushoto wa tumbo. Wakayaona na mapafu yamekauka na yana mabaka. Waliyoyaona wakayakumbuka na kuyasimulia, na mpaka leo hayo ndiyo maelezo ya kitabibu tuliyonayo kuhusu kifo chake. Moyo wakauzika chini ya mti, na Jacob Wainwright, aliyesoma shule ya wamisionari huko Nasik, India, akasoma sala na kuchonga jina kwenye gome.

Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani siku 14, wakaufunga kwa kitambaa, magome ya mti na turubai. Kisha wakaubeba. Kutoka Zambia ile mpaka Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,600, kwa mabega, miezi karibu 9. Oktoba 1873 pale Unyanyembe walimkuta Mwingereza, Luteni Cameron, akawashauri wauzike hapo hapo. Wakakataa. Mbele kidogo, huko Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite kwao. Jamaa wakafunga mzigo wa mabua kwa mfano wa maiti, wakajifanya wanaurudisha Unyanyembe kwa mazishi, na mwili wenyewe wakaukunja kama robota la nguo. Ukapita!

Februari 1874 walifika Bagamoyo. Mwili ukapelekwa Uingereza kwa meli. Sasa nani atathibitisha kwamba ni yeye? Daktari Sir William Fergusson akaangalia mfupa wa mkono wa kushoto, akauona ulivyovunjika na kuunga vibaya. Ni ile kazi ya simba wa Mabotsa, miaka 30 nyuma. Akazikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874. Wainwright alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882, Susi mwaka 1891, huko huko Zanzibar. Milima ya Susi na Chuma iko wapi kwenye ramani? Hilo nawaachia.

JIBU LILICHELEWA MIAKA 9

Mwaka 1882, miaka 9 tu baada ya kifo cha Livingstone, Mwitalia Giulio Bizzozero wa Turin alieleza kazi ya chembe sahani. Alitazama kwa darubini mishipa midogo ya wanyama hai, akaijeruhi, akaona vile vipande bapa vikinata kwenye jeraha na kurundikana kabla ya kitu kingine chochote. Leo hospitali inaweza kuzihesabu chembe sahani, na mtu aliyepungukiwa anaweza kuongezewa za mtu mwingine, kwa sababu kuna mtu alikwenda kuchangia damu.

Tusisahau kwamba jeshi hili likiamka mahali pasipotakiwa linaua pia. Mafuta yakijikusanya kwenye ukuta wa mshipa wa moyo au wa ubongo na kupasuka, chembe sahani zinadhani ni jeraha. Zinapiga yowe, bonge linaziba njia, mtu anapata shambulio la moyo au kiharusi. Ndiyo maana wagonjwa wengine wa moyo wanapewa aspirini, ambayo inazizuia chembe sahani kutengeneza ile thromboksani. Na kwa sababu hiyo hiyo usimeze aspirini ovyo ukiwa unavuja damu au una homa inayoshukiwa kuwa dengue.

TUONDOKE NA NINI?

Kwanza, ukijikata au ukikuta ajali barabarani, chukua kitambaa kisafi, kandamiza jeraha kwa nguvu dakika 10 mfululizo bila kuchungulia. Kila ukifunua unabomoa udongo kabla fito hazijakaza. Usipake kinyesi cha ng'ombe wala majivu, utamletea mwenzako pepopunda. Damu ikiruka kwa kasi, endelea kukandamiza huku mkikimbilia hospitali.

Pili, ukiona damu kwenye choo, nenda ukapimwe. Nguzo za umeme zimejaa matangazo ya dawa za bawasiri, na vijana wengi wanazinunua kimya kimya kwa sababu ya aibu. Inaweza kuwa bawasiri kweli, tena inatibika. Inaweza kuwa amiba, inaweza kuwa kichocho, inaweza kuwa kansa ya utumbo. Anayeweza kujua ni aliyekupima, wala si aliyebandika tangazo. Daktari ameshaona mengi, hatashangaa lako.

Tatu, damu salama ikija shuleni kwenu au kijijini, jitokeze. Livingstone hakuwa na nafasi ya kuongezewa hata chupa moja. Majeruhi wa barabara kuu pale Makambako anayo, ila lazima wewe uwe umeitoa kwanza.

Mzee huyu alikuwa na akili, alikuwa na elimu, na ujasiri wake ulikuwa si mchezo. Alikosa dakika chache za kuvumilia aibu mbele ya daktari mwenzake, mwaka 1864, akiwa nyumbani kwao. Ukiwa unavuja na umekaa kimya, usisubiri kubebwa kwa machela.

Wadau mnasemaje? Kuna mwenye swali au nyongeza, hasa walimu wa baiolojia na wahudumu wa afya wa huko Kichiwa na Njombe, uwanja ni wenu hapo chini. Ila lugha ya staha tafadhali.